Tuliyojifunza Tukiruka na Jeshi la Majini

(Maneno yaliyosemwa kwenye sherehe ya Uhuru ya jumuiya yetu, Norfolk, Virginia, na kuandikwa hapa kwa ajili ya jarida la kumbukumbu)



Kamati imetuomba tuzungumze juu ya kazi ya jeshi, hasa ile ya kuruka na ndege za Jeshi la Majini la Marekani bila kuwa rubani wala ofisa. Katika jumuiya hii tupo watatu tulioifanya. Wawili tulikuwa kwenye helikopta, mmoja kwenye zile ndege kubwa za doria, P-3 Orion. Leo mmoja wetu ni fundi umeme, mmoja ana malori, na huyu anayesimama mbele yenu ni muuguzi. Wenzetu wamesema muuguzi amezoea kuongea na watu wasiotaka kusikia, basi aseme yeye. Tutasema "sisi" mpaka mwisho, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuruka peke yake.

Tunajua kwa nini kamati imeuliza. Mji huu umezungukwa na kambi na meli za kivita, na watoto wetu wanakua wakizitazama. Mabwana wa kuandikisha wanafika mpaka shuleni. Kuna wazazi humu ambao wana kijana nyumbani aliyekwisha kuchukua fomu, na wengine wana kijana aliyechukua fomu na hawajaambiwa. Tutajitahidi kusema yote, tamu na chungu.

Safari yenyewe huanzia Great Lakes, Illinois, kando ya Ziwa Michigan, ambako kila mwanamaji asiye ofisa hupata mafunzo ya mwanzo. Pale ni kelele, kupiga pasi, kukunja shuka na baridi. Tusipoteze muda napo. Wanaokwenda kuruka hupelekwa Pensacola, Florida, na huko ndiko maji yanakoanza.

Tuseme neno juu ya maji. Waswahili tunajisifu kwa bahari. Mmoja wetu alikulia Tanga, akaenda Pensacola kifua mbele. Alikuta kwamba kujirusha kutoka gatini na kuparamia maji mpaka ufukweni hakuitwi kuogelea. Kule unaelea na buti, ovaroli na helmeti, humkanyagi mwenzako, hupapatiki, na mwalimu anatazama uso wako kuliko mikono yako, maana hofu huanzia usoni. Na watoto wetu waliokulia kwenye maghorofa ya hapa hawakuwahi kupata hata hayo ya gatini. Mzazi ambaye mwanawe anataka kazi hii, au hata ambaye mwanawe hataki kuisikia, ampeleke bwawani.

Halafu kuna kile chombo. Ni mfano wa kiwiliwili cha helikopta, kimening'inizwa juu ya bwawa. Mnaingia, mnafunga mikanda, kinashushwa majini, kinajaa, kinapinduka. Helikopta ina injini na pangaboi juu, kwa hiyo ikianguka majini hugeuka miguu juu. Mara ya kwanza unafumbua macho na kuona kitu. Baadaye wanakuvalisha miwani iliyozibwa, na huoni chochote. Maji yanaingia puani kwa sababu umening'inia kichwa chini, na kila kiungo cha mwili kinakwambia ufungue mkanda utoke. Usifungue. Mkono mmoja unashika kitu kisichosogea karibu na mlango wako, mkono wa pili uko kwenye kifungo cha mkanda, na unangoja mpaka mtikisiko wote utulie. Ukifungua mapema, maji yanakuzungusha na hujui tena juu ni wapi. Vikishatulia, unafungua, unajivuta mkono kwa mkono kufuata njia uliyoishika kabla, unatoka. Mkono ulioshika ndio unaojua njia, macho hayana kazi.

Hili mlichukue hata ninyi mnaosafiri kama abiria. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya shirika la Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini karibu na Ngazija. Walikuwamo watu 175, wakafa 125. Wapo walionusurika ule mgongano wakafia ndani kwa sababu walikuwa wamejaza hewa majaketi ya kuokolea kabla ya kutoka. Maji yalipoingia, jaketi likawabandika darini, wakashindwa kuzama chini kuufikia mlango. Jaketi hujazwa hewa ukiwa mlangoni. Na kila ukikaa kwenye ndege, hesabu viti mpaka mlango wa karibu, mbele na nyuma. Sisi tunahesabu mpaka leo, hata tukirudi nyumbani na watoto, na watoto wanatucheka.

Lakini kilichotuleta mbele yenu hasa ni jambo jingine, na ndilo tulilotoka nalo jeshini na kuliona lina maana kuliko mengine yote.

Helikopta ya uokoaji kwa kawaida ina watu wanne. Marubani wawili mbele, ambao ni maofisa. Nyuma wawili wasio maofisa: anayeshika winchi, na mwogeleaji anayeshuka kumchukua mtu. Sasa, rubani akishaisimamisha helikopta juu ya mtu aliye majini, hamwoni tena. Mtu yuko chini ya tumbo la ndege. Anayemwona ni yule wa nyuma, amepiga magoti mlangoni, mkanda kiunoni, kichwa nje, upepo wa pangaboi unamchapa. Yeye ndiye anayeiongoza ndege, kwa mdomo, kupitia redio ya ndani. Mbele kumi. Mbele tano. Kulia mbili. Simama. Kipimo ni futi. Rubani ana cheo, ana shahada, ana miaka ya kuruka. Mlangoni kuna kijana wa miaka 21 mwenye cheti cha sekondari. Na kwa dakika zile ofisa anakwenda pale anapoambiwa na yule kijana, wala hajidhalilishi.

Namna ya kusema nayo inafundishwa. Sauti haipandi. Maneno ni yaleyale kila siku, kila ndege, kila mtu. Hapa sisi tuliozaliwa tunaongea Kiswahili tulipata nafuu tusiyoitarajia. Tulikuwa na hofu ya lafudhi zetu, mitaani watu walikuwa wanatuuliza "umesema nini?" mara mbili mbili. Ndani ya ndege hakuna aliyeuliza, kwa sababu maneno yalikuwa machache na yanajulikana. Tatizo letu lilikuwa adabu. Tumelelewa kuzunguka. Mswahili akitaka kumwambia mkubwa kwamba waya wa winchi unakaribia kunasa, ataanza: samahani mkuu, sijui kama nimeona vizuri, ila naona kama vile... Hapo waya umeshanasa. Mwalimu mmoja alikuwa anatusimamisha kila tulipoanza na samahani. Ilituchukua miezi.

Na waya ni jambo zito. Ile winchi inaweza kuinua kilo 270 hivi. Ndege ikiruka hukusanya umeme mwilini mwake, kwa hiyo kulabu inapaswa kugusa maji kwanza kabla mtu hajaishika, la sivyo itampiga. Waya ukinasa kwenye nguzo ya meli, helikopta imefungwa kwenye meli inayoyumba. Usiku mmoja tulikuwa tunashusha mizigo kwenye sitaha ya meli, bahari imechafuka, na mdogo kuliko wote ndani ya ndege, ambaye wala si yeye aliyekuwa ameshika winchi, akaona waya unaelekea kwenye reli. Akasema neno moja: simama. Ndege ikasimama. Kulabu ikavutwa juu, tukajipanga upya, mzigo ukashuka. Hakuna kilichotokea, na ndiyo maana hakuna gazeti lililoandika. Tuliporudi, rubani wetu alifanya kama alivyofanya siku zote: kwenye kikao cha baada ya safari alimwambia mwenye cheo cha chini aanze kusema. Wakubwa wakianza, alituambia, wadogo huwa wanakubaliana nao tu.

Utaratibu huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1954 peke yake, ndege za Jeshi la Majini la Marekani zilizopotea ni 776, na watu waliokufa 535. Wala hawakuwa vitani. Vita vya Korea vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Kila kikosi kilikuwa na mtindo wake, na kila rubani mzoefu alikuwa na yake kichwani. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopandisha bendera yake, ndipo walipoanzisha utaratibu mmoja wa maandishi kwa ndege zote, unaoitwa NATOPS, na askari yeyote anayeruka, hata wa cheo cha chini, anaweza kuandika kupendekeza ukurasa ubadilishwe. Askari husema kitabu kile kimeandikwa kwa damu, na hesabu ya 1954 inaonyesha hawatii chumvi.

Kitabu peke yake hakikutosha. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za abiria aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am. Walikufa watu 583. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mmoja wa wakubwa wenye heshima kubwa katika shirika lake, mwalimu wa marubani. Alipoanza kukimbiza ndege apae, mhandisi wa ndege aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuuliza mara ya pili. Kutokana na ajali kama ile ndiyo yakaja mafunzo ya kuwafanya watu wa ndege moja wasemezane, na Jeshi la Majini nalo likayachukua. Mwenye kuona anasema. Asiposikilizwa anasema tena, kwa maneno mazito zaidi. Mkubwa naye analazimika kujibu.

Wazee wetu, hapa tunaomba radhi mapema. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Nusu ya yale tunayoyafanya vizuri tumeyapata kwa kusikia la mkuu. Lakini ndani ya ndege tuliona upande wa pili. Mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wote waliopanda naye. Na mdogo aliyeona akanyamaza kwa heshima, hakumheshimu mkubwa wake. Amemwacha afe.

Tulipotoka jeshini, mmoja wetu alisomea uuguzi hapahapa Marekani, na GI Bill ikalipa. Siku ya kwanza darasani walimu wakaleta mtindo wa kutoa taarifa ya mgonjwa kwa simu: hali ikoje sasa, historia yake ni nini, unaonaje wewe, unapendekeza nini. Wakatuambia mtindo huo ulitoka kwenye nyambizi za Jeshi la Majini. Tukacheka peke yetu. Kumbe tulikuwa hatujatoka.

Na hapa nyumbani kwetu pana sehemu yake. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya ukaguzi wa upasuaji, ile ambayo kabla ya kukata ngozi kila mtu chumbani anataja jina lake na kazi yake, na mgonjwa, na kiungo kinachopasuliwa, walikwenda kuijaribu kwenye hospitali nane katika miji minane: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya Kilombero. Matokeo yalitoka Januari 2009. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Hawakununua mashine mpya. Walisoma orodha kwa sauti, na muuguzi akapewa ruhusa ya kusema "bado." Wengine wanaona kutaja majina ni mchezo wa kitoto. Sisi tunaona ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu mtu aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja chumbani, mara ya pili haimpi shida.

Tunajua wengi wenu humu mnafanya kazi za kutunza wagonjwa na wazee. Mnawaogesha, mnawageuza, mnawalisha. Ninyi ndio mlio mlangoni na kichwa nje. Mnaona kidonda kinaanza mgongoni kabla ya daktari, mnaona bibi wa chumba cha nne leo hajamaliza chai yake na anaita watu majina yasiyo yao. Tumewasikia wengi mkisema: nani atanisikiliza, mimi msaidizi tu, na lafudhi yangu hii. Fanyeni kama tulivyofanya. Maneno machache, yaleyale, bila samahani. "Mgonjwa huyu amebadilika tangu asubuhi. Naomba uje umwone sasa." Andika saa uliyosema na uliyemwambia. Asipokuja, sema tena kwa anayemfuata juu.

Na barabarani. Baba ametoka zamu mbili mfululizo, anaendesha usiku kutoka Richmond, macho yanafumba. Mama anaona. Watoto nyuma wanaona. Wote kimya, kwa sababu baba hapendi kuambiwa juu ya kuendesha. Kwenye gari hilo kuna watu wangapi wenye macho? Mwambieni asimame. Na sisi wenye kushika usukani tukiambiwa, tupaki kwanza, ubishi baadaye.

Sasa machungu, maana tuliahidi. Kazi ile inakula masikio. Wawili kati yetu tunasikia mlio usiku kucha, hata sasa mnapotusikiliza. Inakula mgongo. Safari moja baharini ni miezi sita, saba, na msiba ukitokea nyumbani unaweza usirudi. Mmoja wetu alizikiwa baba yake Moshi yeye akiwa katikati ya Bahari ya Hindi, ndani ya P-3, saa kumi angani, na kutokea Djibouti walikuwa wakipita wakisikia kwenye redio wavuvi wakiongea Kiswahili. Karibu hivyo, na mbali hivyo. Ndoa nazo huchoka. Zipo zilizovunjika, na zipo zilizodumu kwa sababu ya mke au mume mvumilivu, wala si kwa sababu ya jeshi.

Kuna na jambo la uraia, ambalo siku kama ya leo halikwepeki. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kuandikishwa jeshini. Lakini kazi ya kuruka inahitaji kibali cha siri, na kibali hicho ni kwa raia wa Marekani. Tangu amri ya Rais Bush ya Julai 2002, aliye jeshini aliweza kuomba uraia mara moja bila kungoja miaka. Ni njia fupi kweli. Ndugu zetu Wakenya, tangu Katiba ya 2010, wanaweza kubaki na wa kwao. Mtanzania mtu mzima akiapa uraia mwingine, wa Tanzania unamtoka. Sisi tuliapa. Tulilia, na tukaapa. Kijana asiambiwe kwamba ni karatasi tu, na mzazi asilisikie kwa mara ya kwanza siku ya kiapo. Likaliwe mezani, lizungumzwe, aamue akiwa na macho makavu.

Faida zipo na hatuzifichi. Anayetimiza miezi 36 ya utumishi wa muda wote anapata GI Bill kamili: miezi 36 ya masomo, na posho ya nyumba juu yake. Shahada ya uuguzi anayoitumia muuguzi huyu haikumdai senti. Lakini someni mkataba. Unaposaini, umejifunga miaka 8 kwa jumla, sehemu jeshini kabisa na iliyobaki kwenye akiba. Na kazi ambayo kijana ameahidiwa kwa mdomo, kama haimo kwenye karatasi, haipo. Atakwenda kuruka akajikuta anapaka rangi meli.

Tutakaa meza ile ya karibu na jikoni mpaka ukumbi ufungwe. Mwenye kijana aliyepewa mkataba, aje nao kabla haujasainiwa, tuusome pamoja mstari kwa mstari. Kijana aje mwenyewe pia, aongee yeye kwanza, sisi na wazazi wake baadaye. Na wale watakaoandikisha watoto kuogelea Jumamosi, karatasi ya majina ipo hapohapo mezani. Wakubwa wasiojua kuogelea nao waandike majina yao, nafasi zipo.